Kugusa vidole vya miguu si kipimo cha yoga

Mhariri,

Siku hizi mikeka ya yoga haikosekani Nairobi wikendi, iwe Karura, Arboretum au kwenye ukumbi wa mtaa, na tangu Umoja wa Mataifa uitenge tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga mwaka 2014, wengi huijaribu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ni jambo jema. Linalotia wasiwasi ni jinsi mikao inavyofundishwa: mwanafunzi anaonyeshwa umbo la mwisho, kisha anahimizwa alifikie papo hapo. Wanaojifunza kwa video ndio wamo hatarini zaidi, kwani simu haimwoni anayeitazama.

Chukua mkao wa kuinama mbele, ambao kila anayeanza huuona rahisi. Mtu aliyeshinda ofisini ameketi, kisha akakwama kwenye matatu Thika Road jioni, misuli ya nyuma ya mapaja yake imekaza. Misuli hiyo imeshikizwa kwenye mifupa ya makalio. Akiinama magoti yakiwa yamenyooka kabisa, inaizuia nyonga isizunguke, na mwili hutafuta pa kupindia: kiuno. Vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo vinabanwa kwa mbele na kusukumwa nyuma, upande zinakopita neva. Vidole vimegusa sakafu, picha imepigwa, na kesho yake mhusika hawezi kufunga kamba za viatu.

Njia salama ni hii. Simama, nyayo ziachane kiasi cha ngumi mbili kutosha katikati. Kunja magoti kidogo. Weka viganja pale paja linapoanzia, kwenye mkunjo wa nyonga, kisha toa pumzi huku ukisukuma makalio nyuma. Tumbo lielekee mapajani kabla kichwa hakijashuka. Mara mgongo unapoanza kujikunja, umefika. Mikono ishikilie kiti au meza, ukae hapo kwa pumzi tano za polepole, kupitia puani. Mvuto usikike katikati ya nyama ya paja. Ukiusikia juu kabisa, kwenye mfupa wa kalio, au nyuma ya goti, basi unavuta kano badala ya msuli, na dawa yake ni kukunja magoti zaidi. Kuinuka kuwe taratibu, mikono ikiwa kiunoni, hasa kwa mwenye presha ya chini, asije akapata kizunguzungu.

Sehemu ya pili inayoumizwa ovyo ni goti. Goti ni kama bawaba ya mlango: kazi yake ni kukunja na kunyoosha, na huzunguka kidogo sana. Ule mkao maarufu wa kuketi huku kila unyayo umepandishwa juu ya paja la pili unahitaji mzunguko mkubwa, na mzunguko huo sharti utoke kwenye nyonga. Nyonga isipofunguka, anayevuta mguu kwa mkono analisokota goti, na gegedu lililo ndani yake linaweza kuchanika. Sehemu kubwa ya gegedu hilo hupata damu kidogo mno, ndiyo maana jeraha lake halina haraka ya kupona. Jipime kwanza: keti sakafuni ukunje miguu kawaida. Magoti yakibaki juu kuliko nyonga, kalia blanketi iliyokunjwa mpaka yashuke, na ule mkao mwingine uachane nao kwa sasa. Hata ukisimama kwa mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili ukae pajani au chini ya goti, usilisukume goti lenyewe kwa ubavu.

Kuhusu ule mkao wa kuinua makalio, mikono na miguu ikiwa chini, wengi hulalamikia vifundo vya mikono. Sababu ni kuangushia uzito kwenye kisigino cha kiganja. Tanua vidole, kandamiza shina la kidole cha shahada na la gumba, kisha rudisha makalio nyuma na juu. Visigino vya miguu si lazima viguse chini, hata mwalimu akisema nini. Mkeka wenye unene wa milimita 4 hadi 6 unatosha. Kwenye sakafu ya saruji, ongeza leso chini ya magoti.

Kusimama kwa kichwa kusifundishwe darasa la kwanza. Mwenye presha ya juu, glakoma (ugonjwa wa macho) au tatizo la shingo asijaribu kabisa. Mjamzito amweleze mwalimu mapema, kwani kulalia tumbo na kujisokota kiwiliwili kwa nguvu havimfai. Kula kuwe kumetangulia kwa saa mbili au tatu. Na kwa wanaohofia upande wa dini, yoga ina asili yake India, lakini mikao hii inaweza kufanywa bila wimbo wala sala yoyote.

Faida ambayo haizungumzwi vya kutosha ni kuujua mwili wako ulipo bila kuutazama. Simama wima karibu na ukuta, ufumbe macho kwa pumzi kumi. Utahisi uzito ukihama: shina la kidole gumba, shina la kidole kidogo, kisigino. Wengi hugundua hapo kwamba huegemea mguu mmoja siku nzima. Kipimo cha kila mkao ni pumzi. Ikikatika au ukaanza kuhema kwa mdomo, umepita kiasi, rudi nyuma kidogo. Mgeni kutoka Pwani asishangae ikimwishia mapema, kwani Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari.

Maumivu makali, ganzi au mchonyoto unaoteremka mguuni ni ishara ya kuacha siku hiyo na kumwona daktari. Na mkufunzi akikukandamiza mgongo ukiwa umeinama, mwambie aondoe mikono, hata kama umeshalipia darasa la mwezi mzima.

Mkufunzi wa yoga,
Nairobi