Kliniki isipime kilo tu, iguse na tumbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauguzi wa kliniki za watoto hapa Dar es Salaam, na walezi wenzangu.

Mwaka jana namwogesha mjukuu wangu wa miaka mitatu uani kwetu Tandika, mkono wenye sabuni ukapita ubavu wake wa kushoto, nikagusa kitu kigumu kama embe bichi. Nikamuuliza kama panauma. Akacheka, akanimwagia maji. Zahanati tukapewa dawa ya minyoo. Jirani akasema ni bandama, nimpeleke kwa mganga akachanjwe chale. Nakiri ningempeleka, ila wiki ileile alikojoa mkojo wenye damu.

Utrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye figo. Muhimbili wakatueleza kuwa ni uvimbe wa Wilms, saratani inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Wakanikataza kabisa kuacha watu walibonyeze-bonyeze tumbo lile, maana uvimbe unaweza kupasuka ukasambaa. Alichomwa dawa za saratani kwenye mshipa wiki nne, uvimbe ukasinyaa, ndipo akapasuliwa figo likatolewa. Dawa zikaendelea. Leo anakimbiza kuku kwa figo moja, alhamdulillahi.

Kinachoniuma ni kadi yake ya kliniki. Nilimpeleka kila mwezi, hata chanjo zilipokwisha. Mstari wa uzito unapanda tu, na muuguzi akinisifu kwamba bibi unalisha vizuri. Nyumbani mimi naona mikono inakonda, mbavu zinahesabika. Kumbe kilo zile zilikuwa za uvimbe! Mtoto ananing'inia kwenye mizani kifua wazi mbele yetu sote, na hakuna hata mmoja aliyemlaza chali akamgusa.

Sisemi abonyezwe. Kiganja cha mtu aliyefundishwa, taratibu, mara moja, basi. Pakiwa pagumu, aandikiwe utrasaundi siku hiyohiyo, si dawa ya minyoo.

Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2018 mpango wa kutaka angalau watoto 60 kati ya kila 100 wenye saratani wapone ifikapo 2030, na uvimbe huu ni miongoni mwa saratani sita zilizotangulizwa. Wizara ya Afya, naomba kadi ya kliniki iongezwe mstari mmoja chini ya uzito: tumbo limeguswa, ndiyo au hapana.

Bibi mlezi,
Tandika, Dar es Salaam