Bila kikomo, mpaka kikomo kifike

Mhariri,

Tunapolinganisha mitandao ya simu, wengi tunaishia kwenye bei na lile neno tamu, "bila kikomo". Mimi lilishaniponza. Tarehe 19 ya mwezi nilimtumia dada yangu picha ya megabaiti 5. Kiduara kikaanza kuzunguka, nikaenda kuoga, nikarudi bado kinazunguka. Kumbe nilishavuka kiwango cha "matumizi ya haki" na kasi imeshushwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde. Piga hesabu: baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo picha hiyo moja inakula zaidi ya dakika 5. Bando halijaisha, ni kweli. Ila halitumiki.

Kiwango kilikuwemo kwenye masharti, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Huko Marekani, mwaka 2019, kampuni ya simu ya AT&T ilikubali kulipa dola milioni 60 kumaliza kesi ya Tume ya Shirikisho ya Biashara kuhusu wateja wa "bila kikomo" waliopunguziwa kasi pasipo kuelezwa vya kutosha.

Kwa hiyo anayelinganisha aulize: kasi inashuka baada ya gigabaiti ngapi, na inashuka hadi wapi? Hotispoti imo, au ina kiwango chake? (Mara nyingi ina chake, tena kiduchu.) Na bando nono la mtandao usioshika chumbani kwako ni pambo tu.

Magazeti yanayochapisha matangazo haya yadai namba hizo ziandikwe kwa ukubwa uleule wa bei.

Mteja wa bando