Anza na Labyrinth

Kwako swahiba,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo inatuandama. Ujumbe wako nimeupata, na umenichokoza: eti filamu za njozi za miaka ya 1980 ni midoli na moshi, watoto wako watazicheka!

Waache wacheke kwanza. Halafu wawekee Labyrinth ya mwaka 1986, uisimamishe pale mwanamuziki David Bowie anapochezea zile gololi kubwa za kioo. Zinateleza kiganjani, zinapanda mgongo wa mkono, zinarudi, wala hazidondoki. Waulize anafanyaje. Watakwambia kompyuta. Si kompyuta, bwana: nyuma ya Bowie kajibanza fundi wa kuchezesha mipira, Michael Moschen, na mkono unaouona ni wake. Pale alipojificha haoni kitu, anakwenda kwa kupapasa tu. Tangu nilipolijua hilo, kila nikiitazama namtafuta yule mtu wa nyuma, na simpati.

Mwongozaji ni Jim Henson. Miaka minne kabla yake, yeye na Frank Oz walitoa The Dark Crystal, ambayo humo ndani huoni uso wa binadamu hata mmoja. Vikaragosi vitupu, kila kimoja na watu wake wa kukiendesha. Wale Skeksis, mijitu yenye midomo ya tai na majoho ya kifalme yaliyochakaa, wananitisha mpaka leo na utu uzima huu.

The NeverEnding Story ya 1984 unaikumbuka, ile ya farasi anayezama kwenye kinamasi. Mwenye kitabu ilikotoka, Michael Ende, aliichukia mno, akataka jina lake liondolewe. Hoja anayo, maana filamu inaishia katikati ya hadithi yake. Lakini anisamehe, kwa farasi yule mimi nalia tu.

Legend ya Ridley Scott iache baadaye. Msitu wake, uliojengwa ndani ya studio ya Pinewood hadi jengo likaja kuungua, ni mzuri ajabu, na Tim Curry na mapembe yake ni shetani wa kweli. Hadithi sasa! Nyepesi kama uji wa mgonjwa.

Ukimaliza, waonyeshe Willow ya 1988. Kuna mchawi pale anageuzwa kutoka mbuzi kuwa mbuni, kobe, chui-milia, mwishowe mwanamke, machoni pako hivihivi. Hiyo ndiyo kompyuta wanayoitafuta, ikiwa bado changa. Mimi naona inapendeza kwa sababu waliitumia pale tu mikono iliposhindwa. Siku hizi inaanza yenyewe, na mwigizaji anapiga kelele mbele ya pazia la kijani.

Nisalimie shemeji. Na huyo mdogo usimwekee Skeksis wakati wa chakula, hasa ile karamu yao. Hatakula siku mbili, na lawama zitaniangukia mimi.

Wako,
yuleyule mbishi