Orléansville, El Asnam na Chlef ni mji mmoja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu matetemeko ya ardhi Afrika Kaskazini imetaja Orléansville ya Algeria kwa tetemeko la Septemba 1954, kisha El Asnam kwa lile la Oktoba 1980. Aya mbili mbele ikaja Chlef, kama mji wa tatu. Huo ni mji mmoja. Wafaransa waliuita Orléansville, Algeria huru ikauita El Asnam, na baada ya maafa ya 1980 ukawa Chlef. Msomaji asiyelijua hilo atadhani ni miji mitatu yenye mikosi, kumbe mji uleule umebomolewa mara mbili katika miaka 26 hivi. Habari kubwa ndiyo hiyo, na imewapita.

Ombi langu ni kwamba jina wanalolitumia wenyeji leo litangulie, na la zamani liwekwe kwenye mabano mara ya kwanza tu. Habari ikiwa ya wakati ule, geuzeni: mashambulizi ya FLN, chama cha ukombozi cha Algeria, ya Agosti 1955 yaandikwe kuwa ya Philippeville, maana ndivyo mji ulivyoitwa wakati wa vita ile ya uhuru, ila mwambieni msomaji kuwa leo ni Skikda. Bône ya Algeria ni Annaba. Port Lyautey ya Moroko ni Kenitra. Jina la Lyautey, jenerali wa Kifaransa, lilibandikwa 1932 na wenyewe walilibandua walipopata uhuru, sasa sisi tunamtunzia nani? Mbona hatuandiki Bismarckburg tukimaanisha Kasanga?

Lakini msizidishe. Mwandishi wenu wa michezo huandika “Dar el Beida”, jina la Kiarabu la Casablanca, kila klabu za huko, Wydad na Raja, zinapocheza nyumbani, nadhani kwa nia njema. Dar el Beida ni pia kitongoji cha Algiers, ulipo uwanja wa ndege wa Houari Boumediene. Enzi za Wafaransa kiliitwa Maison Blanche. Shabiki wa Simba anayepanga safari atajikuta nchi nyingine! Wamoroko wenyewe pia husema Casablanca, au Casa kwa mkato. Inatosha.

Constantine ya Algeria nako, walikofungwa Simba 2-1 Desemba 2024, hakukupewa jina na Wafaransa. Ni jina la mfalme wa Roma, mji umelibeba tangu karne ya 4, na Kusantina ya Waarabu imetoka hapohapo. Kubadilisha hapo ni kujichosha bure.

Belouizdad ni kesi tofauti. Mtaa huo wa Algiers uliitwa Belcourt, ukapewa jina la mpigania uhuru Mohamed Belouizdad, na klabu ikafuata. Anayeandika CR Belcourt kwa mechi waliyopigwa 4-0 na Yanga Februari 2024 amekosea. Kwa mechi za miaka ya 1960 yuko sahihi.

Na tafadhali, si kila jina lisilo la Kifaransa ni la Kiarabu. Tizi Ouzou, mji wa Algeria, ni la Kiamazighi (Kiberberi), na Wakabyle, Waamazighi wa huko, hawapendi kuchanganywa na Waarabu.

Mwisho, ramani mnayoirudia kila toleo la Jumapili bado ina Colomb-Béchar, jina la kikoloni la mji wa Béchar, Algeria. Ondoeni hiyo Colomb.

Msomaji wenu,
Morogoro