Nyumba Kumi ya Mtwapa ipangwe upya

Mhariri,

Nauza viazi karai Mtwapa, na Nyumba Kumi ya mtaa wetu, yaani kundi la majirani la kulinda usalama pamoja na polisi, siielewi. Mwenyekiti hatukumchagua, tuliletewa tu. Juzi kijana alipokonywa simu mbele ya kibanda changu. Tulipompigia mwenyekiti, akasema tungoje kesho. Kesho ya nini?

Huku ni nyumba za kupanga, jirani wa leo mwezi ujao kahama. Heri tupangwe kwa ploti, na kina mama wa vibandani tuwemo, maana ndio tunaofunga usiku.

Sheria ya polisi ya 2011 inasema Mamlaka ya Polisi ya Kaunti huongozwa na gavana au atakayemteua. Basi aje kutusikiliza, tena jioni, si saa nne asubuhi karai likiwa motoni.

Mama Viazi,
Mtwapa, Kilifi