Spea ya gari la zamani isiyojulikana: namna ya kuitambua kabla ya kununua nyingine

Usiisafishe bado. Grisi na rangi iliyoganda kwenye spea ya zamani vina habari ambayo brashi ya waya huifuta kwa dakika moja. Upande uliokuwa ukikaa ndani ya mafuta hubaki mweusi na laini, ule wa nje huota kutu. Alama ya gasketi huonyesha umbo la kitu kilichofungwa juu yake. Piga picha pande zote kwanza, kisha ioshe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Grenda iweke mbali kabisa, kwa kuwa namba zilizogongwa juujuu huondoka na kutu.

Baada ya kuosha, tafuta namba, lakini usiziamini zote sawasawa. Namba iliyovimba ilitoka kwenye kalibu. Kalibu moja huweza kutoa vipande viwili au vitatu ambavyo baadaye vilitobolewa na kukerezwa tofauti, kwa hiyo mteja anayeagiza kwa namba hiyo hupokea kitu kinachofanana sana na chake ila matundu yamekataa kukaa sawa. Namba iliyogongwa kwa chuma, au iliyo kwenye kibati, ndiyo yenye uzito zaidi. Ikiwa imefifia, paka chaki na umulike tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Karatasi nyembamba na penseli pia husaidia pale ambapo kamera inashindwa.

Kwenye daynamo na distribyuta za Lucas (kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya gari) huwa zimegongwa aina, namba ya tarakimu tano na tarehe. C40 ni aina ya daynamo, 25D4 ni aina ya distribyuta, na zote zilifungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960. Ndiyo maana kutuambia "ni 25D4" hakutoshi. Springi na vizito vya ndani hutofautiana kufuatana na injini, na ukifunga isiyo yake gari litawaka vizuri tu, kisha injini itagonga au itakosa nguvu mlimani. Namba ya tarakimu tano ndiyo inayotenganisha. Tarehe ya 11 64 ni Novemba 1964. Tarakimu mbili za kwanza zikizidi 12, kama 35 70, hiyo ni wiki ya 35 ya mwaka 1970. Kumbuka ni tarehe ya kifaa, si ya gari.

Toyota wana utaratibu mzuri zaidi: tarakimu tano za kwanza hutaja kitu chenyewe. 16100 ni pampu ya maji, 31250 ni sahani ya klachi, 45046 ni tairodi endi. Zinazofuata ndizo hutofautisha gari na injini. Boksi la zamani lililochanika likabaki na tano za kwanza tu bado lina thamani, usilitupe.

Penye makosa mengi kuliko pote ni kwenye nyuzi za bolti. Land Rover Series I zilitumia sana nyuzi za BSF (kipimo cha inchi cha Kiingereza). Kuanzia Series II, UNF (kipimo cha inchi cha Kimarekani) ikatawala, ingawa BSF ilibaki sehemu kadhaa za giaboksi. Magari ya Kijapani ni milimita. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.9, ya M8 ni milimita 8, na zikishachakaa venia (kipimo cha unene) haiwezi kuzitenganisha. Hesabu nyuzi badala yake. Weka rula na uhesabu ndani ya nusu inchi: UNF itakupa 12, BSF itakupa 11, M8 ya kawaida itakupa kama 10. Kichwa cha bolti nacho huongea: 5/16 UNF hushikwa na spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na spana ya 13 hucheza juu yake mpaka pembe zinaisha. Nati ya UNF kwenye stadi ya BSF huingia mizunguko miwili au mitatu kisha hukaza. Anayelazimisha hapo ananyoa nyuzi, na kama nyumba yake (kasha ambalo stadi imefungwa) ni ya alumini, gharama imehama kutoka nati moja hadi nyumba nzima. Pima zaidi ya tundu moja, kwa sababu gari lenye miaka hamsini mara nyingi limeshapigwa tapu mahali fulani na fundi aliyekosa bolti sahihi.

Difu za Land Rover zinahitaji uangalifu wa pekee. Ya Series ina kraunwili (gia kubwa ya duara) ya meno 47 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 10, yaani uwiano wa 4.7. Ya Range Rover za zamani ina 46 na 13, yaani 3.54. Kwa macho ya nje hazina tofauti, na huingia kwenye ekseli ileile. Ikiwa difu iko mezani, weka alama ya chaki kwenye jino la kraunwili na uzungushe flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, mpaka alama irudi: mizunguko minne na karibu robo tatu ni 4.7, mitatu na nusu ni 3.54. Ikiwa iko kwenye gari, weka gia huru, zuia magurudumu mengine, inua gurudumu moja la nyuma na ulizungushe mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Jibu ni lilelile. Ukichanganya mbele moja na nyuma nyingine, siku utakayoingiza fo-wili propela zitavutana kwa tofauti ya karibu theluthi moja, na kitu lazima kikatike.

Ukikuta difu yenye gurudumu la shaba nyeusi lisiloshikwa na sumaku, na skrubu ndefu ya chuma mahali pa pinioni, fikiria Peugeot 203, 403 au 404 kwanza.

Beringi na oili sili hazikuhitaji kujua gari. Beringi ya 6205 ni ya milimita 25 ndani, kwa kuwa 05 huzidishwa kwa 5. Sheria hiyo huanzia 04 kupanda juu. Sili ipime ndani, nje na unene, kisha ununue kwa vipimo popote Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi.

Ukitutumia picha kwa WhatsApp, rula ilale usawa mmoja na uso unaopimwa. Ikiwa chini yake, kipimo hudanganya. Andika imetoka wapi, idadi ya meno au matundu, na umbali kati ya katikati ya tundu moja na lingine. Kwa silinda za breki na sehemu za stelingi hatutoi jibu kwa picha peke yake. Hizo tuletee mkononi, pamoja na ya upande wa pili kama bado ipo.