Barua kwa Mwanangu Anayeahirisha Ubatizo

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Barua yako tumeisoma, mimi na baba yako, nasi tunamshukuru Mungu kwamba umemaliza mafundisho ya ubatizo. Umetuandikia kwamba ungependa kusubiri kwanza, mpaka utakapokuwa umeacha kila jambo baya, kwa sababu unaona haya kuingia majini ilhali bado unapambana na nafsi yako. Haya hiyo naiheshimu, kwa maana mtu asiyejali dhambi yake hawezi kuwaza hivyo. Hata hivyo naona umeweka mwisho mahali pa mwanzo, na ndiyo sababu nakuandikia kwa kirefu.

Tuanze na toba yenyewe. Watu wengi hudhani toba ni kujisikia vibaya kwa kiasi cha kutosha, na ya kwamba machozi yakizidi, toba nayo imekamilika. Lakini mtazame Yuda. Injili ya Mathayo inatuambia kwamba alijuta, akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akakiri waziwazi kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Ukipima kwa majuto na maungamo, huoni alichopungukiwa. Petro naye, aliyemkana Bwana mara tatu usiku uo huo, alitoka nje akalia kwa uchungu. Tofauti yao haikuwa katika ukubwa wa huzuni, ila katika njia ambayo huzuni hiyo iliwapeleka: Yuda aliyapeleka maungamo yake kwa makuhani wakuu, ambao hawakuwa na neno la rehema la kumpa, kisha akaenda peke yake kwenye kifo; Petro alibaki pamoja na wenzake, na alipomwona Bwana mfufuka kando ya bahari ya Tiberia alijitupa majini ili amfikie upesi. Ndiyo maana Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kuna huzuni inayoleta wokovu na kuna huzuni ya dunia inayoleta mauti. Toba, basi, ni kugeuka na kumwendea Yule uliyemkosea. Anayetubu hujiona mchafu, naam, lakini hakai mbali akingoja uchafu ukauke.

Najua utanijibu kwa maneno ya Yohana Mbatizaji, aliyewaambia waliomjia Yordani wazae matunda yapasayo toba. Ni hoja nzuri, nami siipuuzi. Lakini angalia aliowakemea ni akina nani: ni watu waliojiona salama kwa kuwa Abrahamu ni baba yao, waliotaka maji bila kugeuka. Umati ulipomuuliza wafanye nini, hakuwaamuru wawe wakamilifu kisha warudi. Mwenye kanzu mbili alimwambia ampe asiye nayo. Watoza ushuru aliwaagiza wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwakataza kudhulumu na kusingizia, akawataka watosheke na mishahara yao. Kila mmoja alipewa jambo la kuanza nalo katika kazi na maisha yake mwenyewe. Ninavyoliona, hilo ndilo jambo zito zaidi katika habari ile: toba ya kweli hutaja dhambi kwa jina lake, wala haijifichi nyuma ya maungamo ya jumla kwamba sote ni wakosefu.

Sasa tazama jinsi mitume walivyoshughulika na waliotubu. Siku ya Pentekoste watu walichomwa mioyo, wakauliza la kufanya, na Petro akawajibu kwamba watubu na kubatizwa kila mmoja kwa jina la Yesu Kristo, wapate ondoleo la dhambi; na siku hiyohiyo wakaongezeka watu wapata 3,000. Towashi wa Kushi aliyaona maji njiani akauliza ni nini kinachomzuia, na Filipo akashuka naye majini. Ninayempenda kuliko wote ni yule mlinzi wa gereza kule Filipi. Jioni aliwafunga Paulo na Sila miguu kwenye mkatale huku migongo yao ikiwa na mapigo. Usiku wa manane, baada ya kulisikia neno, aliwachukua akawaosha majeraha yao, kisha akabatizwa yeye na watu wa nyumbani mwake wote. Tunda lake la kwanza la toba lilikuwa beseni la maji kwa watu aliowaumiza, na saa ileile akaoshwa yeye.

Wazo lako la kusubiri si geni katika historia ya Kanisa. Katika karne ya nne wengi waliahirisha ubatizo miaka mingi, wakiogopa kuuchafua kwa dhambi za baadaye; kaisari Konstantino alibatizwa mwaka 337, karibu na kufa kwake. Gregorio wa Nazianzo, askofu wa karne hiyo, alihubiri kwa ukali dhidi ya desturi hiyo, nami nakubaliana naye, kwa sababu inaugeuza ubatizo kuwa cheti cha ushindi. Paulo anawafundisha Warumi kwamba katika ubatizo tulizikwa pamoja na Kristo ili tuenende katika upya wa uzima. Hakuna maiti anayejizika, mwanangu, na hakuna mtu anayejibatiza. Unapokea kutoka mkono wa mwingine kile ambacho Mungu amekifanya kwa kifo na ufufuo wa Mwanawe, na nguvu unayotaka kuwa nayo kabla ya kubatizwa ni ileile aliyoahidi kuwapa wanaokuja kwake, yaani Roho Mtakatifu.

Usinielewe kana kwamba maji yana nguvu ya uchawi. Simoni wa Samaria alibatizwa, lakini alipotaka kuinunua karama ya Mungu kwa fedha, Petro alimwambia kwamba moyo wake si mnyofu mbele za Mungu, akamsihi atubu. Kwa upande mwingine, usiogope kwamba kosa la kwanza baada ya ubatizo litafuta yote. Makanisa yanatofautiana kuhusu watoto wachanga na kuhusu kuzamisha au kumimina maji, ila tangu zamani yanaungama ubatizo mmoja. Ubatizo haurudiwi, bali toba hurudiwa kila siku, na Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kanisa, aliliweka jambo hilo katika ya kwanza kati ya hoja zake 95 za mwaka 1517, kwamba maisha yote ya waamini yawe toba.

Mwisho umeniuliza kuhusu yule mwenzako uliyemsingizia kazini, iwapo ni lazima upatane naye kabla ya kubatizwa. Nenda kwake wiki hii. Mweleze ulichosema na kwamba hakikuwa kweli, bila kutaja sababu zilizokusukuma, kisha uwaambie hivyohivyo wale uliowapotosha, hata kama itakugharimu heshima yako. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya, na sifa uliyoiharibu nayo ni mali ya mtu. Akikataa kukusamehe, usimlazimishe wala usikasirike; kusamehe ni kwake, na ubatizo wako hausubiri jibu lake. Ukishatoka kwake, mwone mchungaji umwambie uko tayari, kisha utujulishe tarehe mapema ili mimi na baba yako tuwepo.

Mimi mama yako nikupendaye.